Nguo za Bwana Pasi

Nyumbani,
Jumapili.

Mwanangu mpendwa, kitinda mimba wangu,

Pokea salamu nyingi za mama yako anayekukumbuka kila akigusa kikombe chako. Nataraji barua hii itakukuta mzima, kile kikohozi kimekuachia, na hema lenu halivuji tena. Sisi huku hatujambo, hakuna aliyelala kitandani kwa maradhi. Goti la baba yako ni lile lile, mvua ikikaribia linamwambia yeye kabla ya redio. Mimi mgongo unanisumbua kidogo, lakini usije ukashika habari ya mgongo ukaacha niliyokusudia kukuandikia.

Utashangaa kuona mwandiko. Siku zote barua zangu huandikwa na binti wa jirani, mimi nasema yeye anaandika, na maneno yangu mabaya anayanyoosha. Hii nimeiandika mwenyewe, kwa mkono huu ulioishia darasa la tatu, na leo ni siku ya nne niko juu yake. Nilipokosea herufi nivumilie. Sikutaka mtu mwingine aijue kabla yako. Na simu sikuitaka, maana kwenye simu wewe una haraka na mimi nina machozi, mwisho tunabaki kuulizana kama tunasikiana.

Nianze na siku ile ulipopanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao ukanipigia. Ulikuwa na furaha, unaniambia miti mliyoipima imefika elfu mbili, na mkuu wako amekusifu mbele ya wenzako. Mimi nikafurahi nawe. Halafu ukanichekesha, ukasema zile nguo za kazi mlizopewa, zilizochovywa dawa ya wadudu, umempa mlinzi wa kambi kwa kuwa yeye ndiye mwoga wa wadudu, na wewe unajivalia kaptura yako ya bluu kwa ajili ya joto. Ukasema asubuhi ile umejitoa kupe wawili, mmoja kiunoni na mmoja nyuma ya sikio, umewachoma kwa njiti ya kiberiti wakaachia wenyewe. Nikakuuliza kwa nini umevua nguo za dawa. Ukanijibu kwamba dawa yao ni maji ya bomba tu, kwani kaka yako hakuvaa hizo hizo kila siku? Na kilichomuua si kupe?

Hapo mtandao ukakatika. Nilibaki na simu sikioni kama mjinga. Baba yako akauliza mtoto anasemaje, nikamwambia anasema anakula vizuri.

Tangu siku ile sijakaa nikatulia. Sasa nisikilize, mwanangu, na usiruke mstari hata mmoja.

Wewe wakati ule ulikuwa shule ya bweni, yaliyotokea uliyakuta yamekwisha, na ulisimuliwa na baba yako. Baba yako alikusimulia alichokiona yeye. Lakini yeye alikuwa kazini kutwa. Aliyekuwa nyumbani ni mimi.

Kaka yako alipata ile kazi ya kufyeka njia ya nguzo za umeme kupitia kwa mjomba wako, ndugu yangu wa tumbo moja, ambaye ndiye alikuwa nyapara wa genge. Lori liliwachukua asubuhi pale kwenye njia panda na kuwarudisha alasiri, na kutwa nzima walikuwa kwenye nyasi zinazofika kifuani. Jioni ya kuamkia siku ya kuanza, mjomba wako alikuja mwenyewe na jozi mbili za nguo, suruali na mashati ya rangi ya mchanga, akanikabidhi mimi mlangoni. Akanieleza taratibu, maana ananijua. Akasema, dada, nguo hizi zimelala kwenye dawa. Kupe akizipanda anakufa au anaanguka. Usizifue kila siku. Vumbi likizidi zikung'ute tu, na zikichafuka kweli zifue kwa maji baridi, sabuni kidogo, bila kuzisugua sana, kisha uhesabu. Zikifuliwa mara tano au sita nguvu imekwisha, tunazichukua tunazichovya upya.

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia mwanangu si yatima hata avae uchafu juma zima. Mjomba wako akacheka, akasema uchafu huo ndio koti la vita. Mimi sikucheka. Nilimwona kama amenitukana. Maisha yangu yote sikusoma, sikuwa na cheo, sina ninachoweza kuonyesha watu isipokuwa kamba yangu ya nguo. Watu wakipita hapa walikuwa wanasema nyumba ya yule mama hata kitambaa cha meza kinang'aa. Ndiyo ilikuwa digrii yangu.

Usiku wa kwanza zile nguo nilizitundika msumarini chumbani kwa kaka yako. Asubuhi naingia kufagia, chini ya ile suruali nikakuta nzi wanne wamekufa, miguu juu. Nikasimama na ufagio. Nikajiambia, kitu kinachoua nzi kwa kuguswa tu, ndicho kitakachokaa kwenye mgongo wa mwanangu kutwa nzima, jua kali, jasho linatoka, ngozi imefunguka? Hao wenye kampuni wana watoto wao ofisini kwenye feni, watoto wa wenzao ndio wa kupakwa sumu. Hivyo ndivyo nilivyowaza. Sikumwuliza mtu, hata ndugu yangu aliyeshika kazi ile miaka mingi na mwili wake mzima. Nilijiona nimeona kitu ambacho wasomi wote hawakukiona.

Basi siku ile ile aliporudi nilimvua. Nikazichemsha kwenye sufuria kubwa kwa sabuni ya unga, nikazisugua kwa burashi, nikazisuuza maji matatu. Kesho yake alivaa jozi ya pili, na jioni nikaifanya vile vile. Kila siku hivyo. Na baada ya kukauka nazipiga pasi ya mkaa mpaka ule mstari wa mbele unasimama kama ukuta. Siku moja nilikuta nzi ametua kwenye suruali pale kwenye kamba, amekaa anasugua miguu yake kwa raha zake. Mwanangu, nilifurahi. Nilisema sasa imekwisha, mtoto wangu yuko salama. Nzi huyo namwona mpaka leo nikifumba macho.

Wenzake kazini walimcheka. Wao walikuwa wamechakaa, wekundu kwa udongo, yeye anashuka kwenye lori kama anakwenda kusimamia harusi. Wakampa jina, Bwana Pasi. Walikuwa wakimwuliza, Bwana Pasi, leo bibi harusi yuko kichaka kipi? Kaka yako alikuwa akija kunisimulia huku anacheka. Jina lile wenzake waliliandika hata kwenye kitabu cha rambirambi, wewe ukaniuliza lilitoka wapi, nikakujibu kwamba alipenda usafi. Nilikudanganya. Usafi haukuwa wake. Ulikuwa wangu.

Mwezi wa tatu ulipoanza alirudi siku moja anasema kichwa kinamuuma nyuma ya macho. Usiku mwili ukawa moto. Mimi nikasema ni malaria, nikampa vidonge vilivyobaki vya baba yako. Siku ya pili, siku ya tatu, siku ya nne, nampa uji, namkanda kwa kitambaa, nasema leo itashuka. Siku ya tano alikuwa anaongea maneno yasiyo na mpango, ananiita kwa jina la mwalimu wake wa zamani. Ndipo tukampeleka hospitali. Daktari alimgeuza, akamkunja goti, na nyuma ya goti pale kwenye mkunjo pakawa na kidonda kidogo cheusi kama mtu amezima sigara hapo. Mimi niliyemwogesha kwa kitambaa siku nne sikukiona, kwa sababu sikukitafuta. Daktari akauliza anafanya kazi gani, na kwa nini hatukusema siku ya kwanza kwamba ni mtu wa porini. Akasema dawa ya ugonjwa huu ipo, ni rahisi, lakini hutaka kuwahiwa. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Yaliyofuata unayajua.

Wenye kampuni walileta karatasi. Waliandika kwamba mfanyakazi alipewa mavazi yenye dawa pamoja na maelekezo, na kwa hiyo yaliyomkuta ni uzembe wake mwenyewe. Baba yako aliisoma kwa sauti hapa sebuleni, alipofika kwenye neno uzembe akaichana. Kisha akamgeukia mjomba wako aliyekuwa amekaa pale karibu na mlango. Akamwambia, wewe ndiye uliyemchukua mwanangu, ukamvisha nguo zilizochovywa maji ya bomba, dawa mmeiuza, sasa unakuja kula msiba wake. Akamwambia asikanyage tena hapa.

Mjomba wako aliinua macho akatazama nje dirishani, kwenye ua, kwenye kamba yangu. Zile nguo bado zilikuwa pale, hakuna aliyekumbuka kuzianua. Suruali ya mtu aliyefyeka pori miezi miwili, nayo imetakata kama ya mwanafunzi wa siku ya kwanza, na mistari ya pasi bado inaonekana. Aliitazama. Kisha akanitazama mimi. Alielewa pale pale, niliona anavyoelewa, kama mtu anayesoma. Nilingoja aseme. Akachukua kofia yake akatoka, na miaka sita hii hakurudi, wala hakumwambia mtu. Amebeba jina la mwuaji kwa ajili yangu, na mimi nikamwacha abebe. Ukimkuta njiani unavuka upande wa pili, umefundishwa na baba yako, na mimi nilikuona ukifanya hivyo nikanyamaza.

Mwanangu, mpaka hapa ungeweza kusema mama hakujua, mama hakusoma, alifanya kwa mapenzi. Ningependa uishie hapo. Lakini kuna jambo moja limebaki, nalo ndilo lililonifanya nichane karatasi tatu.

Mwisho wa mwezi wa kwanza mjomba wako alipita nyumba kwa nyumba na gunia, anakusanya nguo zilizofuliwa zaidi ya mara tano ili zikachovywe upya. Ilikuwa Jumamosi, kaka yako amekaa kizingitini anakula. Mjomba wako akaniuliza, dada, za huyu umezifua mara ngapi? Zilikuwa zimefuliwa kila siku, kwa maji ya moto, hazikuwa na dawa hata tone. Nilijua. Nami nikamjibu, mara moja tu. Nilisema hivyo kwa sababu sikutaka zirudi na sumu yao, na kwa sababu niliona aibu kuonekana sikushika maagizo ya mdogo wangu. Mjomba wako akazitazama, akasema mbona zimetakata hivi. Nikamwambia mimi najua kufua, wengine wanalowesha tu. Akacheka, akaandika kwenye daftari lake, akaenda nyumba ya pili.

Kaka yako alisikia. Tonge lilikuwa mkononi. Alinitazama, akatabasamu lile tabasamu lake la upande mmoja, akaendelea kula. Angeweza kusema, mama, umezifua kila siku. Neno dogo tu. Hakusema, ili asiniaibishe mbele ya ndugu yangu. Alinistahi mimi, akarudi kwenye nyasi Jumatatu na nguo zisizo na kitu.

Kwa hiyo ile dawa haikuwa maji. Nakuandikia kwa mkono wangu, na hata baba yako akikwambia vingine usimsikilize. Dawa ilikuwa dawa. Wenzake kumi na moja walivaa nguo chafu na wote walirudi kwao wazima. Aliyeitoa dawa ni mimi, na aliyedanganya ni mimi. Wewe sasa unatembea porini na kaptura kwa sababu ya uongo wangu wa miaka sita, na nikiendelea kunyamaza nitakuwa nimewafulia nguo wote wawili.

Nilikwenda kwa mjomba wako Alhamisi. Sikujua kama atanifungulia. Alifungua, amezeeka, akanitazama akasema, karibu dada, kama mtu niliyeachana naye jana. Nilimwambia mtoto amevua nguo za dawa. Hakuniuliza kwa nini nimekuja leo. Alikwenda dukani akanunua dawa ile ya kuchovya nguo na vyandarua. Akanikanya kwamba dawa ya kuogeshea ng'ombe si ya kutia kwenye nguo za mtu, wapo wanaofanya hivyo na wanajiumiza. Akapima kwa kifuniko kama karatasi yake inavyosema, akavaa glavu na mimi akanipa zangu, tukachovya pamoja kwenye beseni lake. Nguo ni suruali mbili na mashati mawili ya mikono mirefu, nimeyatafuta ya rangi ya mchanga ili mdudu akipanda umwone. Tukazitundika kivulini. Tulikaa kwenye ngazi tukizitazama zikichuruzika mpaka zikakauka. Wakati naondoka aliniambia neno moja tu, dada, usizifue.

Nilipita pia kwa muuguzi wa zahanati nikamwuliza kila kitu, naye kwa kuwa aliona ninaandika kwa shida alisema polepole. Kaptura ya bluu itupe, amesema mbung'o huifuata bluu na nyeusi, ni sawa na kuwapigia kengele ya chakula. Suruali ichomeke ndani ya soksi, shati ndani ya suruali. Najua utasema utaonekana kama mwendesha baiskeli aliyeibiwa baiskeli. Wakucheke, kaka yako alichekwa kwa kuwa nadhifu, wewe chekwa kwa kuwa hai. Dawa ya kupaka ni ya mahali palipo wazi, shingo, mikono, masikio, usiipake chini ya nguo wala kwenye kidonda. Tembea katikati ya njia, na msikae juu ya magogo au majani mnapopumzika.

Ukirudi kambini vua nguo zote ujikague kwa kioo. Kwapani, kiunoni, kinenani, kitovuni, nyuma ya masikio, na nyuma ya magoti, mwanangu, nyuma ya magoti. Kichwani mwombe msichana mwenzako akutazame. Ukimkuta kupe usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta. Nimekuwekea kibano, mshike kwa chini kabisa karibu na ngozi, umvute wima taratibu bila kuzungusha, halafu unawe kwa sabuni. Usimpasue kwa kucha. Mtie kwenye kichupa na uandike tarehe. Na mwili ukipata moto, au kichwa kikauma, hata wiki mbili baadaye, usiseme ni jua, usinywe vidonge vya mtu. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, na neno lako la kwanza liwe kupe, kabla hata ya jina lako.

Baba yako yuko hapo nje anakaza miguu ya kiti kilicholegea. Anadhani nakuandikia orodha ya vitu vya nyumbani. Kesho nitapeleka barua na kifurushi, na nikirudi nitakaa kwenye kiti hicho hicho nimwambie yote, na nimwambie aende kwa shemeji yake. Nimeitanguliza barua kwa sababu nikianza na yeye sijui kama nitabaki na mkono wa kuandikia. Wewe ukitaka kunichukia una haki, sitakuomba uniharakishie msamaha. Nakuomba kitu kimoja tu, nichukie ukiwa umevaa hizo nguo.

Zimo kwenye kifurushi. Zimejikunja, na shati moja lina doa mgongoni lililotoka kwenye kamba ya mjomba wako. Jana nilizitoa nikazitazama, mkono ukaniwasha kuchukua pasi. Nikazirudisha kwenye mfuko. Zivae hivyo hivyo.

Nisalimie wenzako wote, na mlinzi wa kambi mwambie akae na zile ulizompa, lakini ahesabu mara anazozifua. Mjomba wako anakusalimu, hakunituma, ila nimeona usoni mwake. Ukija likizo, nguo zako za kazi ziache mlangoni ndani ya mfuko wako. Usinipe.

Ni mimi,
Mama yako.